Jean Dausset, mganga Mfaransa aliyegundua alama za mwili katika chembe nyeupe za damu

Leo, kabla ya kumpandikiza mgonjwa figo au uboho wa mtu mwingine, waganga wanapima kwanza kama tishu za hao wawili zinapatana. Kipimo hicho, kinachojulikana duniani kwa herufi HLA, kilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Jean Dausset, mganga Mfaransa aliyefariki mwezi wa sita 2009 akiwa na umri wa miaka 92.

Dausset alizaliwa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, tarehe 19 Oktoba 1916. Baba yake alikuwa mganga, naye akafuata njia hiyo hiyo mjini Paris. Vita ya pili ya dunia ilimkatiza masomo. Alivuka hadi Afrika ya Kaskazini, akajiunga na jeshi lililopigana Tunisia, na huko akawa anawatia damu askari waliojeruhiwa. Tangu hapo damu ikawa kazi ya maisha yake.

Baada ya vita alifanya kazi katika kituo cha damu cha hospitali ya Saint-Antoine, Paris. Wakati huo damu ya kundi O ilihesabiwa kuwa inaweza kupewa mtu yeyote bila hofu. Dausset na wenzake walionyesha kwamba si hivyo kila mara: baadhi ya watoaji wa kundi O, hasa waliokwisha kuchanjwa dhidi ya pepopunda au dondakoo, walikuwa na kingamwili kali zilizoweza kumdhuru mgonjwa wa kundi A.

Mwaka wa 1952 aliona jambo jingine. Alichukua maji ya damu ya mgonjwa aliyekuwa ametiwa damu mara nyingi, akayachanganya na chembe nyeupe za watu wengine. Chembe hizo zilishikamana na kufanya mabonge. Lakini chembe za mgonjwa mwenyewe hazikushikamana. Maana yake, kinga ya mgonjwa haikuwa inashambulia mwili wake. Ilikuwa imetambua kitu kigeni katika chembe za wengine.

Mwaka wa 1958 alitangaza alama ya kwanza ya aina hiyo. Aliiita MAC, kutokana na herufi za kwanza za majina ya watu watatu wa kujitolea waliotoa damu kwa utafiti wake. Mwaka huo huo, Rose Payne huko Marekani na Jon van Rood huko Uholanzi walikuta kingamwili za namna hiyo katika damu ya wanawake waliokwisha kubeba mimba.

Swali likabaki: je, alama hizo ndizo zinazofanya mwili ukatae kiungo cha mtu mwingine? Kwa kujibu, Dausset na mwenzake Felix Rapaport waliomba watu wa kujitolea, wakiwemo watu wa familia moja, wakubali kupandikizwa vipande vidogo vya ngozi. Ngozi ilidumu zaidi pale alama zilipofanana. Ilionekana pia kwamba mtoto anarithi nusu ya alama kwa baba na nusu kwa mama, ndiyo sababu ndugu wawili wa tumbo moja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kufanana kabisa.

Mwaka wa 1980 alipewa tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Baruj Benacerraf na George Snell.

Hakustarehe. Mwaka wa 1984 alianzisha Paris kituo cha CEPH, kilichokusanya damu ya familia kubwa: mababu, wazazi na watoto wengi. Chembe zao zilikuzwa maabara ili DNA isiishe, kisha ikatolewa bure kwa watafiti wa nchi mbalimbali, kwa sharti la kurudisha matokeo kwa faida ya wote. Akiba hiyo ilisaidia kuchora ramani ya jeni za binadamu. Dausset alipinga waziwazi jeni kugeuzwa mali ya makampuni.

Kongo nayo imo katika historia hiyo. Akiba nyingine ya DNA iliyotangazwa na kituo hicho mwaka wa 2002, yenye watu zaidi ya 1,000 wa jamii zaidi ya 50, ina sampuli za Wambuti wa msitu wa Ituri.

Hata hivyo, kazi haijakwisha. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, lakini watoaji wengi walioandikwa katika orodha za uboho wana asili ya Ulaya. Kwa hiyo mgonjwa mwenye asili ya Afrika anayehitaji uboho wa mtu asiye ndugu yake bado anapata taabu zaidi kumpata anayelingana naye. Elimu aliyoiacha Dausset inamfaa mgonjwa pale tu panapokuwa na watu wa asili yake waliokubali kupimwa.