Robert Louis Stevenson: Jemadari wa Vita vya Sakafuni

Aghalabu wapenzi wa fasihi wanapomtaja Robert Louis Stevenson, humkumbuka kwa riwaya ambayo Frederick Johnson aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina Kisiwa chenye Hazina. Johnson huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba Stevenson alikuwa pia jemadari wa majeshi madogo ya madini ya risasi, na kwamba ramani ilikuwa chimbuko la michezo yake na la hadithi zake pia.

Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 mjini Edinburgh, Uskoti. Babu yake Robert na baba yake Thomas walikuwa wahandisi mashuhuri wa minara ya taa iongozayo meli. Mtoto huyu alitarajiwa kufuata nyayo zao, lakini alizaliwa dhaifu wa kifua. Siku nyingi alizipitisha kitandani chini ya uangalizi wa yaya wake, Alison Cunningham. Hapo kitandani alipanga vijiaskari vyake na kuvipeleka vitani, mikunjo ya shuka ikiwa ndiyo vilima na mabonde. Kumbukumbu hiyo aliitungia shairi katika diwani ya watoto aliyoichapisha mwaka 1885 na kumtunukia yaya huyo.

Mwaka 1867 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uhandisi. Mwaka 1871 alimfahamisha baba yake kwamba moyo wake ulikuwa katika uandishi. Mzee alihuzunika, lakini wakaafikiana kijana asomee sheria. Alihitimu kuwa wakili mwaka 1875, ila taaluma hiyo haikumkaa moyoni. Mwaka 1880 alimwoa Fanny Osbourne, Mmarekani aliyekuwa na watoto wa ndoa ya awali. Mmoja wao, Lloyd, aliyezaliwa mwaka 1868, ndiye aliyekuja kuwa hasimu wake mkubwa vitani.

Katika kiangazi cha mwaka 1881, familia hiyo ilikaa Braemar, katika nyanda za juu za Uskoti. Mvua iliwafungia ndani, nao wakajiliwaza kwa kuchora na kupaka rangi. Stevenson alichora ramani ya kisiwa cha kubuni, akakipa ghuba, vilima na majina. Alipoikazia macho ramani ile, wahusika walianza kumjia, naye akashika kalamu. Riwaya ikazaliwa hivyo, mandhari ikitangulia msuko.

Majira ya baridi yaliyofuata waliyapitisha Davos, Uswisi, mji wa milimani walikokimbilia wagonjwa wa mapafu. Katika nyumba yao mlikuwa na chumba cha darini kilichofikiwa kwa ngazi mbovu. Chumba hicho kilikuwa na baridi kali na giza, na paa lake lilikuwa chini mno hivi kwamba ilikuwa shida kusimama wima. Sakafuni mlichorwa ramani kwa chaki za rangi mbalimbali, ikiwa na milima, mito, miji, madaraja na barabara za daraja mbili. Mwanamume aliyekuwa akitema damu na mvulana wa miaka kumi na mitatu walipiga magoti hapo kwa saa nyingi, vidole vikiwafa ganzi, wakiongoza majeshi yao kwa mwanga wa mshumaa.

Ramani hiyo haikuwa pambo. Ndiyo iliyotoa hukumu. Hali ya hewa ilipoharibika, barabara nazo ziliathirika na mwendo wa jeshi ukapungua. Mizinga ilikwenda polepole kuliko askari wa miguu, na gharama ya kuitunza ilikuwa kubwa. Madaraja yaliweza kujengwa na kubomolewa, na jeshi lisilopangiwa ugavi wa chakula na zana halikufika mbali. Kwa hiyo, mchezaji alilazimika kuisoma ramani na kupanga safari kabla ya kufyatua chochote. Stevenson alivisoma vitabu vya sayansi ya vita, kikiwemo cha Mwingereza Edward Hamley, na vita moja iliweza kuchukua majuma kadhaa. Aliandika hata taarifa za mapigano kwa mtindo wa magazeti, akiyapa magazeti hayo majina ya kubuni.

Hata hivyo, mipango ya jemadari mzima mara nyingi iliporomoka mbele ya mtoto. Askari waliangushwa kwa bunduki ya kuchezea, gololi au vifungo vya nguo, na Lloyd alikuwa na shabaha kumshinda baba yake wa kambo. Lloyd mwenyewe aliisimulia michezo hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka 1898, miaka kumi na mitano kabla ya H. G. Wells kutoa kitabu chake mashuhuri cha kanuni za vita vya vijiaskari, mwaka 1913.

Ramani ilimfunza Stevenson somo jingine. Riwaya yake ilipokuwa ikitayarishwa kuwa kitabu, kilichotoka mwaka 1883, ramani ya awali ilipotea. Ilimbidi aisome upya kazi yake, aorodheshe kila ishara ya mahali, kisha achore kwa bikari ramani iliyooana na maneno. Kazi hiyo aliifanya katika ofisi ya baba yake. Mhandisi yule, ambaye awali alihuzunishwa na uamuzi wa mwanawe, alimsaidia kwa kughushi saini ya haramia Flint.

Baba alifariki mwaka 1887. Mwaka uliofuata Stevenson alisafiri katika Pasifiki, na hatimaye akaweka makazi Samoa, walikomwita Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Huko alikutana na vita visivyochorwa kwa chaki. Ujerumani, Uingereza na Marekani zilishindania visiwa hivyo, na katika kitabu cha mwaka 1892 alizishutumu bila kuficha. Alimuunga mkono Mataafa, aliyeshindwa vitani na kuhamishwa mwaka 1893. Machifu waliomfuata Mataafa walipofungwa, Stevenson aliwatembelea gerezani na kuwapelekea chakula. Walipoachiliwa mwaka 1894, walimlipa fadhila kwa kumjengea barabara hadi nyumbani kwake kwa mikono yao wenyewe.

Stevenson alifariki tarehe 3 Desemba 1894 kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 44. Wasamoa walimfyekea njia hadi juu ya mlima Vaea, wakamzika huko. Aliyezoea kuchora barabara za kupitisha majeshi ya risasi alisindikizwa kwa njia iliyofyekwa na watu waliompenda. Kwa mwanafunzi wa fasihi, maisha yake ni ushahidi kwamba mandhari si kitambaa cha kufunika meza tu. Anayeijua vyema nchi ya hadithi yake hapotei njiani, wala hampotezi msomaji wake.