Joseph Henry na Mkondo Mdogo Uamurishao Mkubwa

Mwanafunzi aundaye roboti ya kuzamia majini hukutana mapema na kikwazo. Kisanduku cha kuiongozea hutoa mkondo mdogo wa umeme, hali mota za kuzungusha rafadha zadai mkondo mkubwa. Akiviunganisha moja kwa moja, huunguza kisanduku. Ufumbuzi mmojawapo ni swichi iitwayo rilei, na asili yake twaikuta katika maisha ya mwalimu, Joseph Henry.

Henry alizaliwa Albany, Marekani, mwaka 1797, katika jamaa maskini. Alijifunza ufundi saa, akasoma Albany Academy, na mwaka 1826 akaanza kufundisha hapo hisabati na fizikia. Vipindi vilikuwa vingi hata utafiti ukangojea likizo. Kwa maoni yetu, hilo lilichangia Faraday wa Uingereza kumtangulia kutangaza, mwaka 1831, jinsi sumaku izalishavyo umeme. Hata hivyo, kufikia mwaka huohuo sumaku-umeme ya Henry ilikuwa imeinua ratili 750, yaani kilo 340 hivi.

Alihamia Princeton mwaka 1832, na huko akabuni onyesho tulipendalo kuliko yote. Sumaku-umeme kubwa, yenye betri yake, ilining'iniza mzigo mzito. Sumaku-umeme ndogo ilipokea mkondo hafifu kwa waya mrefu kutoka mbali. Mkondo huo ulipopita, sumaku ndogo ilivuta waya, ukatoka katika vikombe vya zebaki; saketi ya sumaku kubwa ikakatika, na mzigo ukaanguka kwa kishindo. (Zebaki ni sumu, isiletwe darasani kamwe.)

Hapa wanafunzi wengi hudhani kwamba mkondo mdogo umekuzwa. La hasha! Nguvu ya kazi nzito hutoka katika betri ya pili. Mkondo mdogo ni bawabu tu, afunguaye na kufunga mlango. Twapendekeza mwalimu achore saketi hizo mbili ubaoni kwa chaki za rangi mbili, zisigusane popote, kabla ya kulitaja jina la rilei. Kisha aeleze kwamba mota inapoanza kuzunguka hudai mkondo mwingi kuliko inapokwisha kushika mwendo, na rilei ichaguliwe kwa kipimo hicho cha mwanzo.

Henry hakujichukulia hataza ya uvumbuzi huu. Mwaka 1846 alikuwa katibu wa kwanza wa taasisi ya Smithsonian, Washington, akaishika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1878. Kizio cha uwezo wa koili kupinga badiliko la mkondo huitwa henri kwa ajili yake.