Robert Chesebrough, mtu aliyetuletea mafuta ya mgando

Kipupwe kikiingia, kati ya Juni na Agosti, baridi ya milima ya Vidunda hushuka hadi bondeni. Nyuso zinapauka, midomo inapasuka, na kopo la mafuta ya mgando halikai mbali. Mtoto haendi shule kabla hajapakwa. Wengi wetu huyaita mafuta hayo Vaseline hata kama kopo lina jina jingine. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeanzisha jina hilo. Tutaona pia ni lipi kati ya aliyoyasema lilikuwa kweli, na lipi lilizidi kipimo.

Kazi iliyokufa, kazi iliyozaliwa

Robert Augustus Chesebrough alizaliwa London, Uingereza, tarehe 9 Januari 1837, lakini maisha yake yalikuwa New York, Marekani. Alikuwa mkemia. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza mafuta ya taa kutokana na mafuta ya nyangumi.

Agosti 1859 mafuta yalipatikana kwenye kisima kilichochimbwa Titusville, katika jimbo la Pennsylvania. Mafuta ya ardhini yalikuwa nafuu kuliko ya nyangumi, na riziki ya kijana huyu wa miaka 22 ikawa mashakani. Akafunga safari kwenda Titusville kujionea.

Huko aliwakuta wafanyakazi wakilalamikia uchafu mweusi kama nta, ulioganda kwenye vyuma vya pampu na kuzikwamisha. Lakini wafanyakazi haohao, mtu akijikata au kuungua, walijipaka uchafu huo kwenye jeraha. Chesebrough akachukua kiasi na kurudi nacho nyumbani.

Kuisafisha haikuwa kazi ya siku moja. Ilimchukua miaka kadhaa. Aliichuja kwa mkaa wa mifupa hadi akapata kitu cheupe, laini, kisicho na harufu. Mwaka 1870 alifungua kiwanda Brooklyn, New York, na tarehe 4 Juni 1872 akapewa hataza ya serikali kwa jina la Vaseline. Katika maombi yake hakutaja ngozi ya binadamu peke yake. Alitaja pia kulainisha ngozi za wanyama, kulainisha mashine, kupaka nywele, na kutibu mikono iliyopasuka.

Alijichoma ili auze

Wenye maduka ya dawa hawakuitaka bidhaa yake. Basi Chesebrough akazunguka miji ya jimbo la New York akiwa na mikebe yake. Mbele ya watu alijiunguza mkono kwa moto au tindikali, akapaka mafuta, kisha akawaonyesha makovu ya zamani yaliyokwisha kupona. Aligawa pia mafuta bure. Waliogawiwa yakawaishia, wakaenda kuyaulizia madukani, na wenye maduka wakalazimika kuagiza.

Biashara ikakua hadi nje ya Marekani. Mwaka 1883 Malkia Victoria wa Uingereza alimtunuku cheo cha heshima.

Mwenyewe aliyaamini mafuta yake kupita kiasi. Alisema alikula kijiko kimoja kila siku. Alipougua ugonjwa wa utando wa mapafu akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, inasimuliwa kwamba alimwagiza muuguzi ampake mwili mzima. Alipona, akaishi hadi tarehe 8 Septemba 1933, akafariki huko New Jersey akiwa na miaka 96.

Alipopatia na alipozidisha

Chesebrough aliamini mafuta yake yana nguvu ya kuponya. Ukweli ni kwamba hayana dawa ndani yake, na wala hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kama mfuniko wa sufuria: yanazuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasiondoke na upepo, na yanazuia uchafu usiingie. Ngozi iliyofunikwa hivyo hujitengeneza yenyewe.

Kwa hiyo, ukitaka yafanye kazi usoni, nawa kwanza. Jifute kidogo, ngozi ibaki na unyevu, kisha paka kiasi kidogo sana. Ukipaka juu ya uso uliokauka kabisa utang'aa, lakini umefunika ukavu. Mwenye chunusi au uso wenye mafuta mengi asijipake mazito. Atumie kwenye midomo, viwiko na visigino.

Kuhusu kuungua, msimwige Chesebrough. Mtoto akiungua kwa uji au moto wa jiko, usikimbilie kopo. Mafuta juu ya jeraha la moto hushikilia joto ndani. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati, hasa kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au eneo ni kubwa.

Usiyale, na usimjaze mtoto mchanga puani. Yakivutwa hadi kwenye mapafu yanaweza kuleta madhara makubwa. Grisi ya gereji nayo isipakwe mwilini: chanzo chake kinaweza kuwa kilekile cha mafuta ya ardhini, lakini haijasafishwa kwa ajili ya ngozi.

Jambo la mwisho ni jua. Mafuta ya mgando hayazuii miale ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na losheni maalumu ya kuzuia jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi. Kumpaka mtoto mwenye ualbino mafuta ya mgando na kumwacha shambani mchana ni kumwacha bila kinga yoyote.

Chesebrough aliona faida katika kitu ambacho wenzake walikitupa, na kopo lake limefika hadi vijijini kwetu. Tulitumie kwa kazi yake: kuhifadhi unyevu wa ngozi. Kidonda kisichopona, ukurutu unaowasha au doa linalobadilika usoni, tuvipeleke kwa mganga wa zahanati.