Alan Turing na Mashine ya Sataranji

Wanafunzi wa chama chetu cha sataranji wamekuwa wakinicheka tangu muhula uanze, na sababu ya kicheko chao ni kisanduku kimoja cha plastiki nilichokinunua wakati wa likizo. Ni mashine ya kuchezea sataranji nyumbani, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ubao wake una miraba 64 kama ubao wowote, lakini ubavuni na chini zimo taa ndogo nyekundu, na ndani, mahali pasipoonekana, mna mchezaji. Mimi hufundisha hesabu, nami nilijidhania kuwa mtu mwenye akili za kutosha. Mashine ilinishinda mara kumi na moja mfululizo. Basi kabla sijasimulia habari za mtu ninayetaka mmjue, yafaa nianze na aibu zangu mwenyewe, maana ndizo zilizonipeleka kwake.

Siku ya kwanza sikupata hata kuanza. Nilitia betri, mbili kati yake kinyume, nikalaumu mashine. Zilipokaa sawasawa nikapanga kete huku mraba mweusi ukiwa pembeni mwa mkono wangu wa kulia, kumbe mraba wa pembe hiyo sharti uwe mweupe. Kila nilipogusa kete, kisanduku kikalia kama ndege aliyeingiliwa kiotani. Halafu nikajifunza kwamba kete haikokotwi tu kama katika drafti. Yakupasa kuibonyeza kidogo kwenye mraba inakotoka, kisha kuibonyeza tena kwenye mraba inakokwenda, ili mashine ijue ulilotenda. Nayo hujibu kwa taa: moja ya ubavuni na moja ya chini huwaka pamoja, na mistari yao inapokutana ndipo ilipo kete inayotaka kusogezwa. Mashine haina mkono. Wewe mwenyewe ndiwe unayeisogezea kete zake, hata ile itakayokuangamiza.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kiburi. Nilikuwa nimeiweka daraja la tano. Binti yangu, aliye darasa la sita, ndiye aliyekisoma kile kijitabu cha maelezo nilichokiacha ndani ya boksi, akanionyesha kitufe cha kushushia daraja na kingine cha kurudisha hatua uliyokosea. Katika daraja la kwanza, mchezo wa kumi na mbili, nilishinda. Nilifurahi kama mtoto, nikawaamsha jirani. Binti yangu hakufurahi sana. Yeye alitaka kujua ni nani aliyekifundisha kisanduku hiki kucheza. Sikuwa na jibu lililo kamili, nikaenda kulitafuta.

Waliojaribu jambo hili ni wengi, lakini mmoja wa waliotangulia alikuwa Mwingereza, Alan Turing. Alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika Bara Hindi, na wazazi hawakutaka kuwapeleka watoto wao kwenye joto lile; kwa hiyo Alan na kaka yake waliachwa Uingereza mikononi mwa mzee mmoja mstaafu wa jeshi na mkewe. Wanafunzi wetu wa bweni watauelewa upweke wa namna hiyo kuliko mimi.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 alitakiwa kuanza masomo katika shule ya Sherborne. Ilikuwa Mei 1926, na siku zile wafanyakazi wa Uingereza nzima walikuwa katika mgomo. Hapakuwa na treni. Kijana alishuka melini Southampton, akapanda baiskeli yake, akaenda peke yake karibu kilomita 100, akalala njiani usiku mmoja katika nyumba ya wageni. Alifika. Nawaombeni wanafunzi wanaochelewa kufungua shule kwa sababu basi lilijaa waisome habari hii mara mbili.

Msidhani lakini kwamba walimu wake walimsifu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, daftari zake zilijaa madoa ya wino, na masomo ya lugha za kale hakuyajali. Alipenda hesabu na sayansi, tena kwa njia zake mwenyewe, na walimu wengine waliona kwamba kijana huyu anaipoteza nafasi yake. Aliyemfahamu vizuri alikuwa mwanafunzi mwenzake, Christopher Morcom, aliyemtangulia darasa moja. Walizungumza habari za nyota na kemia, na Desemba 1929 wakaenda pamoja Cambridge kufanya mtihani wa kuomba msaada wa masomo. Christopher alifaulu, Alan hakufaulu. Miezi miwili baadaye Christopher akafariki, kwa ugonjwa wa kifua kikuu alioupata utotoni kwa maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Tangu hapo Alan alikuwa akijiuliza swali ambalo halikumtoka tena maishani: akili ya mtu hukaaje mwilini, na je, yaweza kukaa mahali pengine?

Mwaka 1931 alipata nafasi katika Chuo cha King's, Cambridge. Mwaka 1936 alitoa maandishi ambayo wataalamu wa hesabu wanayasoma mpaka leo. Aliwaza mashine isiyokuwapo, yenye utepe mrefu wa karatasi uliogawanywa visanduku, na kichwa kinachosoma alama moja, kuifuta au kuandika nyingine, na kusogea kushoto au kulia. Akathibitisha kwamba yako maswali ya hesabu ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyamaliza. Na katika kuthibitisha hayo akaonyesha, kama kwa kupitia tu, kwamba mashine moja yaweza kufanya kazi za mashine zote ikipewa maagizo yanayofaa. Ndiyo sababu kompyuta ya ofisini huandika barua asubuhi na kupiga hesabu za mishahara mchana bila kubadilishwa chuma chake.

Vita vilipoanza mwaka 1939, aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri palipotegwa habari za adui. Wajerumani walizifumba habari zao kwa mashine iitwayo Enigma, ambayo kwa siku moja yaweza kupangwa kwa namna zaidi ya milioni 150 za milioni za milioni. Wataalamu wa hesabu wa Poland walikuwa wamekwisha kuifumbua kabla ya vita, nao waliwapa Waingereza maarifa yao. Juu ya maarifa hayo Turing alibuni mtambo mkubwa ulioitwa Bombe, wa kutafuta mpango wa siku, na wa kwanza ukafungwa mwaka 1940. Yeye mwenyewe alishika kazi ya habari za jeshi la majini, maana nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha meli zilizoleta chakula na silaha kutoka Amerika.

Hapa ndipo sataranji inapoingia. Waliokusanywa Bletchley hawakuwa wataalamu wa hesabu tu. Hugh Alexander na Stuart Milner-Barry walikuwa wachezaji wakubwa wa sataranji wa Uingereza. Vita vilipotangazwa walikuwa Buenos Aires, Argentina, katika mashindano ya mataifa, wakarudi mbio. Mwaka 1941 watu hao wawili, pamoja na Turing na Gordon Welchman, walimwandikia Waziri Mkuu Churchill kulalamikia uchache wa wafanyakazi, na Milner-Barry akaipeleka barua kwa mkono wake. Churchill akaamuru wapewe watakacho.

Na Turing mwenyewe alicheza vipi? Vibaya! Alikuwa akishindwa na Alexander daima. Mwenzake wa kucheza alikuwa kijana mmoja, Donald Michie, ambaye kiwango chake kilikuwa cha chini vilevile. Wao wawili walikutana kila wiki, wakacheza, na kuzungumza jinsi mashine inavyoweza kufundishwa mchezo huo. Sikuamini niliposoma hayo, kisha nikafarijika sana. Huenda bingwa asingelihitaji kujiuliza mtu huchaguaje hatua, kwa kuwa mkono wake huenda wenyewe. Asiyejua ndiye anayelazimika kuhesabu.

Baada ya vita alichora mpango wa kompyuta katika maabara ya taifa, na katika taarifa yake aliigusia sataranji. Wakati uleule alikuwa mkimbiaji hodari: mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3, akiwa wa tano. Hata sataranji aliiunganisha na mbio. Katika mchezo alioupenda, ukishasogeza kete unatoka kuizunguka nyumba mbio, na ukirudi kabla mwenzio hajacheza, unapata hatua nyingine. Nimewakataza wanafunzi wa chama chetu kuujaribu, kwa ajili ya maua ya Mwalimu Mkuu.

Mwaka 1948 yeye na rafiki yake David Champernowne waliandika maagizo ya mashine ya kucheza sataranji, ingawa mashine yenyewe haikuwako. Kila kete ilipewa thamani: kitunda 1, farasi 3, askofu 3 na nusu, ngome 5, malkia 10. Mashine ijaribu kila hatua yake na kila jibu la adui, ifuatilie kulana kwa kete mpaka kutulie, kisha igawanye thamani ya upande wake kwa thamani ya upande wa pili. Hatua mbili zikilingana, ziangaliwe alama ndogondogo, kama usalama wa mfalme na wingi wa miraba inayofikiwa. Yasimuliwa kwamba maagizo hayo yalimshinda mke wa Champernowne, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Nimemwonea huruma bibi huyo kama ndugu.

Katika Chuo Kikuu cha Manchester, ambako Turing alifanya kazi tangu mwaka huo, ilikuwako kompyuta ya kweli. Mtaalamu mwingine, Dietrich Prinz, aliweza mwaka 1951 kuifanya itafute njia ya kumfunga mfalme kwa hatua mbili. Lakini maagizo ya Turing yalikuwa marefu. Alianza kuyaingiza, hakuyamaliza. Basi mwaka 1952 akafanya kitu ambacho mimi, nikikaa mbele ya kisanduku changu, hukikumbuka kila mara. Alikaa mezani na mwenzake Alick Glennie, akashika karatasi na kalamu, akawa yeye mwenyewe mashine. Kila hatua aliihesabu kama maagizo yalivyosema, akaicheza hata pale jicho lake lilipoona nyingine. Katika hatua ya 29 karatasi zilimwamuru malkia ale kitunda kilichoonekana cha bure. Malkia akasimama mbele ya mfalme wake katika mstari mmoja, ngome ya Glennie ikaingia mstari uleule, na mchezo ukaisha. Mashine ya karatasi ilishindwa, na mchezo wenyewe ukachapishwa kitabuni mwaka uliofuata.

Mwaka uleule wa 1952 Turing alishtakiwa mahakamani kwa uhusiano wake na mwanamume mwingine, jambo ambalo kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule lilikuwa kosa la jinai. Aliambiwa achague kifungo au kudungwa dawa za homoni kwa mwaka mzima, akachagua dawa. Kazi za siri za serikali zilifungwa kwake. Aliyoyatenda wakati wa vita yalikuwa bado siri, hivyo majaji hawakuyajua, wala jirani zake. Tarehe 7 Juni, 1954, alifariki nyumbani kwake kwa sumu ya sayanaidi, na uchunguzi ukaamua kwamba alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mwaka 2009 Waziri Mkuu wa Uingereza aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Mwaka 2013 Malkia akatoa msamaha. Na mwaka 2021 sura yake ikachapwa kwenye noti ya pauni 50. Mimi nadhani kwamba aliyestahili kusamehe ni yeye.

Maagizo yake yaliingizwa katika kompyuta baadaye sana. Mwaka 2012 Garry Kasparov, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, aliyachezea Manchester, akayashinda kwa hatua 16, akayasifu kwa heshima.

Jumamosi iliyopita mimi na binti yangu tuliupanga ubaoni ule mchezo wa 1952, tukauendesha hatua kwa hatua mpaka ya 28, tukaiachia mashine yetu upande wa Turing. Haikuchukua muda mrefu. Taa ziliwaka, si kwenye kitunda, bali kwenye malkia wa Glennie: ilitaka malkia kwa malkia. Nilizisogeza kete kama nilivyoamriwa. Binti yangu akauangalia ubao kitambo, akasema kwamba sasa mweupe hana ubaya wowote, akaniomba nimzimie mashine, acheze yeye mwenyewe upande ule dhidi yangu. Saa nne ya usiku mama yake alikuja kutuzimia taa. Kete bado ziko mezani kama tulivyoziacha, na ni zamu yangu.