Jina la Zheng He halikuwa lake

Kwenye fomu zangu zote za chuo, jina la tatu ni la baba mdogo aliyenisomesha, si la baba aliyenizaa. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona aibu kulieleza. Ndiyo maana nilipomsoma Zheng He kwenye kozi ya historia, nilisahau hata zile meli zake.

Alizaliwa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, mwaka 1371, akaitwa Ma He. Ma ni ubini uliojaa kwa Waislamu wa China, kwani herufi yake, ambayo maana yake ni farasi, inasikika kama mwanzo wa jina Muhammad. Baba na babu yake wote walihiji Makka. Halafu jeshi la Ming likaingia Yunnan. Baba akafa, mtoto wa kama miaka 10 akatekwa, akahasiwa, akapelekwa kumtumikia mwana wa mfalme, Zhu Di. Hapo jamani nilifunga kitabu kwanza.

Mwaka 1402 Zhu Di alimpindua mtoto wa kaka yake, akakalia kiti. Mwaka 1404 akamtunuku Ma He ubini wa Zheng. Inasimuliwa kuwa ni kwa sababu alipigana vizuri mahali penye jina hilo, karibu na Beijing. Ubini wenyewe ni wa kale. Dola ya Zheng ilianzishwa mwaka 806 kabla ya Kristo, na ilipomezwa na jirani yake Han mwaka 375, watu wake walitawanyika wakibeba jina la nchi iliyokufa. Leo wapo mamilioni. Yaani yatima wa jimbo lililotekwa alipewa jina la watu waliopoteza nchi!

Safari zake saba, kuanzia 1405 hadi 1433, mnazijua, pamoja na yule twiga wa Malindi. Tuziache.

Mimi limenigusa jambo dogo. Mwaka huohuo 1405 alisimamishiwa baba yake jiwe la kaburi kule Yunnan, na juu ya jiwe baba ni Ma, siyo Zheng. Na kwa kuwa towashi hazai, alimlea mtoto wa kaka yake, akamwachia ubini wa Zheng. Uzao huo upo mpaka leo.

Wiki iliyopita nilijaza fomu ya mazoezi ya kufundisha. Jina la tatu nimeacha la baba mdogo. Kwenye nafasi ya baba mzazi nimeandika la marehemu, kwa herufi kubwa.