Zoezi la Ufahamu: Yidnekatchew Tessema, Mchezaji Aliyegeuka Kocha

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Yidnekatchew Tessema alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mwanamuziki na mshairi mashuhuri. Mtoto hakufuata nyayo za baba yake katika muziki. Moyo wake ulikuwa kwenye mpira wa miguu.

Mwaka 1935 klabu ya Saint George ilianzishwa jijini Addis Ababa, na Yidnekatchew alijiunga nayo akiwa bado kijana mdogo. Mwaka uliofuata majeshi ya Italia yaliuteka mji huo. Wakoloni walileta sheria za ubaguzi zilizowatenga wenyeji na Wazungu, na michezo haikusalimika. Katika mazingira hayo, timu ya Waethiopia ilikuwa zaidi ya timu. Ilikuwa mahali ambapo vijana waliotawaliwa walikutana wakiwa watu huru, japo kwa dakika tisini tu. Yidnekatchew aliichezea Saint George kwa zaidi ya miaka 20, akaifungia mabao zaidi ya 300, na pia akaichezea timu ya taifa. Baada ya Waitalia kuondolewa mwaka 1941, alikuwa miongoni mwa waliojenga upya uongozi wa michezo nchini mwake.

Februari 1957 alikwenda Khartoum, Sudan, akiiwakilisha Ethiopia katika kuundwa kwa Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Nchi zilizokutana zilikuwa nne: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika yalikuwa yaanze papo hapo. Hata hivyo, Afrika Kusini haikukubali kuleta timu yenye wachezaji weupe na weusi pamoja. Wajumbe wengine walikuwa na njia mbili. Wangeweza kufumbia macho ubaguzi ili mashindano yawe na timu nne, au kushikilia haki na kubaki na timu tatu. Walichagua haki. Msimamo huo Yidnekatchew aliulinda hadi mwisho wa maisha yake.

Alipotundika daluga, aligeukia ukocha. Kazi iliyomkabili haikuwa nyepesi. Misri ilikuwa imeifunga Ethiopia mabao 4–0 katika fainali ya mwaka 1957, na mwaka 1959 ikaifunga tena kwa idadi ileile. Januari 1962 mashindano yalifanyika Addis Ababa, yakishirikisha Ethiopia, Misri, Tunisia na Uganda. Ethiopia, ikiongozwa na kocha Yidnekatchew, iliitoa Tunisia kwa mabao 4–2 na kukutana tena na Misri katika fainali. Misri ilitangulia kufunga. Ethiopia ilisawazisha, lakini dakika moja baadaye Misri ikafunga tena. Zikiwa zimebaki dakika chache mpira kumalizika, nahodha Luciano Vassalo alisawazisha kwa mara ya pili. Katika muda wa nyongeza, mdogo wake, Italo Vassalo, na Mengistu Worku walifunga bao moja moja. Ethiopia ikashinda 4–2. Mfalme Haile Selassie alimkabidhi nahodha kombe, na mpaka sasa hilo ndilo kombe pekee la Afrika ambalo Ethiopia imelitwaa.

Baada ya hapo alipigania haki za Afrika nzima. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) halikulipa bara hili nafasi yake lenyewe. Bingwa wa Afrika alitakiwa kushindana na mabara mengine kugombea nafasi moja. Yidnekatchew na Ohene Djan wa Ghana walikuwa mstari wa mbele kupinga jambo hilo, na nchi za Afrika zikasusia mashindano. Mgomo huo ulizaa matunda: mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake, na Moroko ikaenda Meksiko. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa rais wa CAF. Katika kipindi chake FIFA iliifukuza Afrika Kusini mwaka 1976 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Vilevile, mwaka 1980 Tanzania ilicheza fainali za Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Nigeria.

Yidnekatchew alifariki dunia Agosti 1987 akiwa bado rais wa CAF. Hakuishi kuona siasa ya ubaguzi ikianguka. Mwaka 1996 Afrika Kusini iliandaa Kombe la Afrika na kulitwaa, ikiwa na kikosi cha wachezaji weusi na weupe. Hicho ndicho kilichodaiwa Khartoum miaka 39 kabla.

Maswali

1. (a) Kwa nini mwandishi anasema kuwa timu ya Waethiopia ilikuwa zaidi ya timu?
(b) Wajumbe wa Khartoum walipoteza nini, na walipata nini, kwa uamuzi wao?
(c) Taja mambo mawili yanayoonesha kuwa kazi ya ukocha ya Yidnekatchew ilikuwa ngumu.
(d) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (i) haikusalimika (ii) kufumbia macho (iii) alipotundika daluga (iv) ulizaa matunda.
(e) Nahodha wa timu yenu ya UMISSETA anajifunza nini kutokana na maisha haya? Toa hoja mbili.

2. Fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 50.

Dokezo kwa mtahiniwa: Swali la 1(b) lina sehemu mbili. Ukijibu moja tu, utapoteza nusu ya alama. Katika ufupisho, tumia maneno yako mwenyewe. Usinakili sentensi za kifungu.