Tewodros wa Pili na Suala la Ardhi ya Kanisa

Tewodros wa Pili, Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia, hukumbukwa zaidi kwa kifo chake katika ngome ya Magdala tarehe 13 Aprili 1868, alipojiua ili asitekwe na jeshi la Uingereza. Hoja ya makala haya ni kuwa utawala wake ulikwisha kudhoofika kabla jeshi hilo halijatua, na kwamba chanzo kikubwa cha udhaifu huo kilikuwa ardhi.

Tewodros, ambaye awali aliitwa Kassa Hailu, alizaliwa Kwara, magharibi mwa nchi, yapata mwaka 1818. Tangu 1769 makabaila wa majimbo walikuwa wameigawana nchi, na wafalme wa Gondar wakabakiwa na cheo kitupu. Kassa aliwashinda mmoja baada ya mwingine, na Februari 1855 akatawazwa na Abuna Salama, askofu mkuu aliyetoka Misri.

Mfalme alikusudia kuunda jeshi la mshahara, lisiloishi kwa kuwapora wakulima. Mshahara ulihitaji mapato, ilhali sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa kanisa bila kutozwa kodi. Alipendekeza kila kanisa libakie na makasisi wawili, mashemasi watatu na ardhi ya kuwatosha. Iliyozidi wapewe wakulima watakaolipa kodi. Makasisi walikataa katakata. Mwaka 1860 aliitwaa kwa nguvu, na askofu aliyemtawaza akawa mfungwa wake tangu 1864 hadi alipofariki mwaka 1867.

Kabaila aliweza kushindwa vitani. Kasisi hakuwa na jeshi, lakini ndiye aliyewaungamisha wakulima na askari wenyewe. Hivyo waasi wa majimboni walipata hoja ya dini. Mapato yalipopungua, jeshi lilirudia uporaji uleule uliokusudiwa kukomeshwa, na wale ambao mageuzi yangewafaidi wakamgeuka mfalme. Mwaka 1866 aliipora Gondar na kuichoma moto.

Ardhi hiyo haikutaifishwa hadi 1975. Hata hivyo, kwa wanaisimu, enzi ya Tewodros iliacha athari nyingine: masimulizi ya utawala wake yaliandikwa kwa Kiamhari, lugha iliyozungumzwa na watu, badala ya Kigeez, lugha ya kanisa ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyotumika kuandikia habari za wafalme.